MAMA MWENYE KUCHUMA NA WAJIBU WA BABA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mtoto katika tumbo la mama yake na akamwekea riziki yake kifuani kabla hajafumbua macho. Rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, yatima aliyelelewa kwa maziwa ya mwanamke wa ujira, na jamaa zake, na masahaba zake.

Ama baad. Haikosi baraza katika miji ya pwani, tangu Lamu hatta Kilwa, kusikia mashauri haya: kwamba wanawake wa siku hizi watoka kwenda makazini, na watoto wabaki nyumbani bila ya mama. Maneno haya husemwa baada ya sala ya alasiri, kahawa ikizunguka, na wasemao ni wanaume. Mmoja atasema ni haramu, na dalili hana. Wa pili atasema zamani zimegeuka, mwacheni mwanamke achume. Na huyu ukifika mwisho wa mwezi hunyoosha mkono apewe. Wote wawili wamemtaja mama, na wote wawili wamemtaja mtoto. Baba hakutajwa na mmoja wao. Ilhali Mwenyezi Mungu alipolileta jambo hili katika Kitabu chake alimtaja baba katika aya hiyo hiyo, na akamtwika mzigo wake.

Aya yenyewe ni ya 233 katika Sura ya Baqara. Humo umewekwa muda wa kunyonyesha, nao ni miaka miwili kwa mwenye kutaka kuutimiza. Humo baba amepewa kazi ya kumlisha na kumvisha mama anyonyeshaye, kwa kadiri ya uwezo wake na kwa ada njema ya watu. Humo imekatazwa mzazi mmoja kutiwa mashakani kwa sababu ya mtoto, awe mama au awe baba. Kisha ikaja ruhusa: wazazi wakiridhiana na kushauriana kumwachisha ziwa mapema, hawana dhambi, na wakitaka mwanamke mwingine amnyonyeshe, hawana dhambi vile vile, maadamu ujira wake umetolewa kwa wema.

Mwenye akili na aitazame ruhusa hiyo. Haikusemwa kwamba mama na afungiwe mlango, wala haikusemwa kwamba mtoto na aachiwe yeyote apitaye. Imesemwa kushauriana, na mashauri hayawi ya mtu mmoja. Baba asiyejua mwanawe amenyonya mara ngapi tangu alfajiri, wala hajui kwamba uji umeanza kutiwa kinywani mwa mtoto huyo katika mwezi wa tatu, atashauriana kwa elimu gani? Waganga wa leo wamekubaliana kwamba katika miezi sita ya kwanza mtoto hahitaji kitu kingine ila maziwa ya mama, hatta maji hayahitaji. Na baada ya hapo hupewa chakula na huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Na yale maziwa ya mwanzo ya rangi ya manjano, yaitwayo dang'a, ambayo katika nyumba nyingine yalikuwa yakikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni machafu, ndiyo mafakihi wa Kishafii waliyoyasema kuwa ni wajibu juu ya mama kumpa mwanawe, kwa kuwa aghalabu mtoto hasimami bila ya hayo. Baba ambaye hajui hata jina la maziwa hayo hana haki ya kusema barazani kwamba kazi ndiyo imewaharibu akina mama.

Aliyetaka kumwona mama mwenye kazi ya ujira na aitazame khabari ya Bibi Halima wa Bani Saad, kama ilivyopokewa katika vitabu vya sira. Mwaka ule ulikuwa mwaka wa ukame. Halima alikuwa na mtoto mchanga wake mwenyewe, na maziwa yake hayakumtosha mtoto huyo, hatta usiku wazazi hawakulala kwa kilio chake. Naye akatoka pamoja na wanawake wa kabila lake kwenda Makka kutafuta watoto wa kunyonyesha kwa malipo. Alipanda punda jike dhaifu aliyeuchelewesha msafara, na walikuwa na ngamia jike mkongwe asiyetoa hata tone. Hii ilikuwa kazi. Haina jina jingine. Wanawake wale walimwacha yule yatima wa Bibi Amina, kwa kuwa ujira ulitarajiwa kwa baba wa mtoto, na baba yake alikwisha kufa. Halima naye hakumchukua mara ya kwanza. Walipokuwa wakitaka kuondoka, wenziwe wote wamepata na yeye hakupata, akamwambia mumewe kwamba anaona vibaya kurudi mikono mitupu, na kwamba atakwenda amchukue yatima yule. Mumewe akamjibu kwamba hapana ubaya, huenda Mwenyezi Mungu akawatilia baraka kwa mtoto huyo.

Wahubiri hupenda kusimulia baraka zilizofuata: kifua kilichojaa, watoto wawili walioshiba wakalala, na punda dhaifu aliyewatangulia wenziwe wote katika safari ya kurudi. Aghalabu jambo moja hupitwa. Usiku ule, aliyeondoka akaenda kumtazama yule ngamia mkongwe, akakikuta kiwele kimejaa, akakamua, wakanywa yeye na mkewe, alikuwa mume. Al-Harith hakumtuma mkewe Makka na yeye akakaa jangwani akingojea fedha. Alisafiri naye. Alishauriwa, naye akashauri. Na usiku, mke akiwa na watoto wawili wa kunyonyesha, yeye ndiye aliyesimama kukamua. Mwanamume wa pwani asomaye Maulidi ya Barzanji kila mwaka hupita juu ya jina la Halima kwa sauti nzuri, ubani ukifuka. Si vibaya akimkumbuka na mumewe.

Na mama wa Nabii Musa, amani iwe juu yake, alirudishiwa mwanawe amnyonyeshe, kama ilivyo katika Sura ya Qasas. Wafasiri wamesema kwamba nyumba ya Firauni ilimlipa ujira juu ya kazi hiyo. Basi alikuwa mama akipokea mshahara kwa kumnyonyesha mtoto wa tumbo lake. Iwapo fedha ya mama ni aibu, hapa ingekuwa mahali pake pa kutajwa aibu hiyo, wala haikutajwa.

Katika madhhebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo madhhebu ya Waislamu walio wengi wa pwani hii, mambo haya yamepangwa kwa uangalifu kuliko wadhanivyo watu wa baraza. Imam Nawawi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra, ameeleza katika Minhaj, kitabu kisomeshwacho misikitini pwani hii tangu zamani, kwamba baada ya maziwa yale ya mwanzo mama halazimishwi kunyonyesha akipatikana mwingine. Na kwamba mama akitaka mwenyewe kumnyonyesha mwanawe, lililo sahihi zaidi ni kuwa mume hana haki ya kumzuia. Na kwamba akitaka ujira wa mfano wake juu ya maziwa hayo, hupewa. Hukumu hiyo huwashangaza waume wengi wanapoisikia. Kisha na washangae kwa jingine: kazi za ndani, kupika na kufua na kufagia, hazikuwekwa na madhhebu haya kuwa ni faradhi juu ya mke. Akizifanya, amefanya ihsani. Na aliyefanyiwa ihsani haamki asubuhi akapiga kelele kwamba chai imechelewa.

Nafaka imekadiriwa: mudi mbili kila siku kwa mume tajiri, moja na nusu kwa mtu wa kati, na moja kwa maskini, pamoja na kitoweo na nguo na makazi. Nafaka ya mke isipotolewa haipotei kwa kupita siku. Huwa deni juu ya mume, kama deni la dukani. Na akishindwa kabisa kuitoa, mke ana ruhusa ya kutoka mchana kutafuta riziki yake, wala mume hana haki ya kumfungia, ila usiku arudi nyumbani kwake. Basi mwenye kupiga marufuku mke asitoke, na mtungi ni mkavu na pishi ya mchele haimo, amedai haki ambayo sharia imekwisha kuiondoa mkononi mwake.

Yuko mwingine ambaye dhambi yake ni ya upande wa pili, na huyu siku hizi ni mwingi zaidi. Huyu hakatazi. Mkewe ni mwalimu, au ni muuguzi, au ana meza ya vitumbua na mkate wa ufuta penye njia panda; naye mume hujisifu kwamba ana moyo mpana. Kadi ya benki ya mkewe imo katika mfuko wa kanzu yake. Nambari ya siri ya simu ya mkewe anaijua yeye kuliko mwenyewe. Ukimwuliza kwa haki gani, atasema: mke ni wangu, na chake ni changu. Neno hili halimo katika Kitabu. Katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, Mwenyezi Mungu amewafanyia wanaume fungu katika walichokichuma wao, na wanawake fungu katika walichokichuma wao. Na katika sura hiyo hiyo, aya ya nne, hatta mahari, ambayo ilitoka mfukoni mwa mume mwenyewe, hakuhalalishiwa kuila ila mke akimwachia sehemu kwa ridhaa ya nafsi yake. Aliyekatazwa kula alichokitoa yeye, atakulaje kilichotoka jashoni mwa mwingine?

Bibi Zainab, mke wa Abdullah bin Masud, alikuwa akitumia mali yake kwa mumewe na kwa mayatima aliokuwa akiwalea. Hakuliona jambo hilo kuwa ni desturi tu isiyohitaji swali. Alikwenda mlangoni kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akamkuta hapo mwanamke wa Kiansari ana haja kama yake, wakamtuma Bilal awaulizie: je, yafaa kuwa sadaka? Wakajibiwa kwamba wana thawabu mbili, thawabu ya ujamaa na thawabu ya sadaka. Jambo hilo liko katika Bukhari na Muslim. Sadaka, basi, ndilo jina la fedha ambayo mke humpa mumewe. Na mwenye kupokea sadaka hushukuru, wala hadai.

Maneno haya yote huonekana wazi zaidi katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza huko Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu siku hizo wanawake ndio wengi mno kuliko wanaume katika kazi hiyo. Mwani hufungwa vipande vipande katika kamba, na kamba zikafungwa katika vijiti vilivyosimikwa mchangani, mahali ambapo maji yakitoka mtu huweza kusimama. Kazi hii haifuati saa ya ofisi wala adhana. Yafuata bahari. Bamvua likifika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukimbia mbali, na mwanamke hana budi kushuka pwani wakati huo huo, akafunga mbegu, akavuna, akabeba magunia yenye maji mpaka nchi kavu, akaanika. Na kesho yake maji hutoka kwa kuchelewa karibu dakika 50, naye afuate. Siku za maji mafu hupumzika bahari, yeye hasokoti kamba za mwani ila na za usumba. Bei ya kilo huamuliwa na mnunuzi, na ni ndogo. Tena mwani wa aina ya kotonii, ambao bei yake ni afadhali, umekuwa ukifa kwa kuwa maji ya kina kifupi yamezidi joto. Mwanamke huyu aweza kuwa ana mtoto wa miezi minne.

Mtoto huyo yuko wapi wakati mama yake yumo majini? Na aulizwe baba. Mara nyingi jawabu ni hili: yuko na dadake. Dadake ana miaka minane, au tisa. Asubuhi ya bamvua hakwenda skuli, na jioni hakwenda chuoni, kwa kuwa mdogo wake hana wa kumshika. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi. Mwaka ukipita, kaka yake amefika juzuu ya tano, na yeye bado yumo katika Juzuu Amma. Na mwalimu wa chuo humwita mvivu. Siku moja mtoto mchanga aliponyweshwa maji ya kisima akaharisha, aliyelaumiwa alikuwa ni yeye. Naye baba yake alikuwako kijijini. Upepo wa kusi ulikuwa mkali siku hizo na chombo hakikutoka. Alikuwa chini ya mwembe anacheza bao.

Hapa ndipo palipo na dhuluma, si katika gunia la mwani. Mama amekwenda kutafuta chakula ambacho ni deni la mwingine. Binti amelipa kwa elimu yake. Mwenye deni amekaa kivulini, na akisimama huenda msikitini safu ya kwanza. Ipo hadithi mashuhuri kwamba kila mtu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa khabari za alichokichunga. Watu huisoma hadithi hiyo kwa kumkusudia mwanamke, kwa kuwa imetajwa ndani yake kuwa yeye ni mchunga katika nyumba ya mumewe. Imemtaja na mwanamume kwa watu wake, tena imemtaja kabla yake.

Atasema msemaji: je, baba na ambebe mtoto? Watu wataniona vipi? Jawabu lake liko Madina. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasalisha watu hali amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zainab. Alipokuwa akisujudu humweka, na alipokuwa akisimama humbeba. Watu wa safu waliona. Tena alikuwa akiingia katika sala akitaka kuirefusha, akasikia mtoto analia, akaifupisha, kwa kujua uchungu uliomo moyoni mwa mama yake. Mama huyo alikuwa nje ya nyumba yake, na mtoto wake yu pamoja naye, na kilio chake kilimfikia imamu. Na Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema kwamba alikuwa katika kazi za watu wa nyumba yake, hata ukifika wakati wa sala hutoka. Mwenye kuona haya kushika mtoto mbele ya watu wa baraza na atafute haya hiyo ameirithi kwa nani, kwani kwa Mtume hakuirithi.

Khabari ya Bibi Asmaa, binti wa Abubakar, nayo haifai kupitwa upesi, kwa kuwa ndani yake yumo mume mwema aliyeteleza. Zubair alipomwoa hakuwa na mali ila farasi na ngamia wa kuchotea maji. Asmaa alikuwa akimlisha farasi, akiteka maji, akishona kiriba, akikanda unga, na akibeba kokwa za tende kichwani kutoka katika shamba la mumewe, mwendo wa thuluthi mbili za farsakhi, kadiri ya maili mbili. Mwanawe Abdullah, aliyezaliwa Quba baada tu ya Hijra, alikuwa bado mdogo. Siku moja alikutana njiani na Mtume pamoja na baadhi ya Ansari. Mtume hakumwuliza kwa nini yuko njiani. Alimpigisha ngamia wake magoti ili ampakie. Asmaa akaona haya kwenda na wanaume, akaukumbuka na wivu wa Zubair, asipande. Na Mtume akatambua, akaenda zake. Alipomsimulia mumewe, Zubair akasema kwamba kule kubeba kwake kokwa kichwani ni kuzito zaidi juu yake kuliko lau angelipanda pamoja na Mtume.

Neno hili la Zubair ni neno la mtu muungwana. Uzito wake ulikuwako kila siku, lakini hakuusema mpaka siku ile. Na mzigo ulibaki kichwani mwa mkewe. Aliyeuondoa ni Abubakar, aliyempelekea bintiye mtumishi wa kumtazama farasi, hatta Asmaa akasema ilikuwa kama kwamba ameachwa huru kutoka utumwani. Waume wengi wa pwani wana wivu wa Zubair mlangoni, mke asipande gari hili, asizungumze na mnunuzi yule. Wivu huo una mahali pake, wala sharia haikuruhusu mwanamke kukaa faragha na mwanamume asiye maharimu wake kwa sababu ya kazi. Ila haijulikani kwa nini wivu huo hulala usingizi pale anapopita mke na gunia la maji kichwani na mimba ya miezi saba tumboni.

Tena wako wasemao kwamba kazi zote za wanawake nje ya nyumba zi haramu. Mtu huyo huyo, mkewe ashikwapo na utungu, hupiga mlango wa hospitali usiku akataka mkunga mwanamke, wala hakubali mwanamume amguse. Ni haki yake kutaka hivyo. Lakini mkunga huyo alitoka nyumbani kwake saa ngapi, na mwanawe amemwacha na nani? Haiwezekani kuwa kutoka kwake ni wajibu usiku wa leo na ni haramu asubuhi yake. Na aliyemwoa muuguzi akijua kwamba ni muuguzi, akakubali katika posa kwamba ataendelea na kazi yake, na aikumbuke siku hiyo kila zamu ya usiku inapofika. Waislamu wameamrishwa kutimiza ahadi zao katika mwanzo wa Sura ya Maida.

Haki ya mtoto nayo haianguki kwa sababu mama ana haki. Ikiwa nafaka yatosha, na kazi ni ya kuongeza mapambo, na mtoto anadhoofika kwa kukosa kifua, basi mashauri ya aya ile ndiyo mahali pake, na huenda mashauri hayo yakaishia kwa mama kuiacha kazi miaka miwili. Huenda pia yakaishia kwa baba kubadili kazi yake, au kurudi nyumbani mapema, au kumwita mama yake mzee aje akae nao. Hili la pili hutajwa mara chache. Na mtoto akiachiwa jirani naye akamnyonyesha, na ihesabiwe, kwa kuwa katika madhhebu ya Shafii minyonyesho mitano kabla ya kutimia miaka miwili huleta undugu wa maziwa, na ndoa ikaharimika. Wazee walikuwa wakilijua jambo hilo mtaa mzima. Ni vyema liandikwe katika daftari, na jina la jirani, na jina la mtoto.

Na yaya aliyeletwa kutoka shamba amshike mtoto, yeye mwenyewe ni mtoto wa watu. Mshahara wake usicheleweshwe kwa kisingizio kwamba anakula na kulala humo humo. Imepokewa katika hadithi kwamba siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu mwenyewe atakuwa mshitaki wa mtu aliyemtumia mwajiriwa akaipata kazi yake yote, asimpe ujira wake.

Waislamu wenye maduka na viwanda na skuli, wanaoajiri wanawake, wana fungu lao katika khutba hii. Sheria ya kazi ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 imempa mama aliyezaa likizo ya malipo ya siku 84, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya kurudi kazini apewe nafasi ya kunyonyesha isiyozidi saa mbili kila siku. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imempa miezi mitatu kwa mshahara kamili. Haifai serikali isiyohukumu kwa Kurani iwe na huruma zaidi kwa mtoto mchanga kuliko mwenye duka aliyepachika Ayatul Kursiyu juu ya sanduku la fedha. Sheria hizo zimempa na baba likizo, siku tatu huku na wiki mbili kule. Si siri kwamba wako waliozichukua wakazimaliza barazani.

Ama mwuza vitumbua na msuka ukili na mlima mwani, hawa hawana mwajiri wa kuwapa likizo. Likizo yao ni mume. Damu ya nifasi aghalabu ni siku 40, na mwisho wake 60. Na desturi ya pwani tangu kale ni kumweka mzazi ndani siku 40 akikandwa kwa maji ya moto na kupewa vyakula vya kumrudishia nguvu. Desturi hii ni nzuri, nayo yahitaji mtu wa kununua hivyo vyakula. Mume ajuaye kwamba mkewe atazaa mwezi wa Shaaban ana miezi saba au minane ya kuweka akiba kwa ajili ya siku 40. Baba wa kijana wa Paje aliyetajwa juu, lau angeliuza samaki wa siku moja katika kila wiki na akaziweka kando fedha zake, mkewe asingalishuka baharini na kitovu cha mtoto bado hakijakauka vyema. Na katika bamvua zilizofuata, saa zile chache angeliweza kumshika mtoto yeye, akampeleka ufukweni mara moja au mbili anyonye, akamrudisha. Bao lingelimngoja.

Imebaki khabari ya dada mwenye kubeba mtoto. Bibi Halima alikuwa na binti, jina lake Shaima, naye alikuwa akimlea Mtume pamoja na mama yake katika siku zile za Bani Saad. Ikapita miaka mingi. Katika mwaka wa nane wa Hijra, baada ya vita vya Hunain, mwanamke mtu mzima aliletwa pamoja na mateka, akasema kwamba yeye ni dada wa Mtume kwa kunyonya. Akaulizwa alama yake. Akaonyesha kovu mgongoni: ndipo alipomwuma alipokuwa mdogo, naye amembeba. Mtume akaitambua alama ile. Akamtandikia nguo yake mwenyewe, akamkalisha juu yake, akampa hiari baina ya kukaa kwake kwa heshima na kurudi kwa watu wake na zawadi. Akachagua kurudi kwa watu wake, naye akampa zawadi, akarudi.

Wallahu aalam.